Paa la kuficha, vyumba vinne: tumeikagua ramani mpaka kwenye gata

Ukipita Mbezi Beach, Goba au Kigamboni jijini Dar es Salaam leo, nyumba nyingi mpya za kifahari zina sura moja: maboksi meupe yaliyopandana, ukanda wa kijivu au wa mawe ya kubandika, kioo kirefu katikati, na juu hakuna bati linaloonekana. Mafundi wanaiita nyumba ya paa la kuficha. Ramani tuliyoikagua ni ya kundi hilo. Ni ghorofa moja, vyumba vinne vya kulala vyote vyenye choo ndani, sebule yenye kimo cha ghorofa mbili, jiko la wazi, balkoni mbili, na eneo la chini la mita 14.4 kwa 12.6. Inauzwa ikiwa tayari pamoja na picha za kompyuta zinazovutia sana. Jina la muuzaji hatulitaji, kwa sababu tunachopima ni mchoro, na makosa yaliyomo yamejaa katika ramani nyingi za sura hii.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Mpangilio wa vyumba ni mzuri, tena umefikiriwa. Lakini isijengwe kama ilivyo. Maji ya mvua hayakuchorewa njia, na jua la jioni limefunguliwa mlango mpana kuingia sebuleni. Yote mawili yanarekebishika kwenye karatasi kwa siku chache. Yakishafika kwenye zege, kurekebisha ni kubomoa.

Tuanze na kilicho kizuri. Ngazi ziko katikati ya nyumba, kwa hiyo korido ya juu ni ya mita 5 tu na hakuna eneo linaloliwa na kupita. Vyoo vya juu vimekaa juu ya vyoo vya chini na juu ya jiko, mabomba yanashuka wima kwenye mashimo mawili tu, na hakuna bomba la maji machafu linalopita juu ya dari ya sebule. Chumba cha wageni kiko chini, kina choo chake na mlango usiopitia sebuleni: mzee akija kukaa mwezi mzima hapandi ngazi wala hakatishi katikati ya watu waliokaa. Vyumba vitatu kati ya vinne vina madirisha pande mbili, jambo ambalo ramani nyingi za bei kubwa zaidi hazina. Aliyepanga vyumba hivi anajua watu wanavyoishi.

Paa ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi. Nyuma ya parapeti, yaani ule ukuta mfupi unaolizunguka, kuna kenchi za mbao na bati la msauzi lenye mteremko wa nyuzi 5, likimwaga pande mbili kwenye magata mawili, yaani mifereji ya kupokea maji ya paa, ya mita 14.4 kila moja. Parapeti ina kimo cha sentimita 90. Kwenye mchoro wa mkato, uliochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 100, gata ni kijiboksi cha milimita nne na nusu. Hakuna karatasi nyingine inayolikuza. Maana yake ni kwamba fundi atakayefika juu ya renta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, na mwiko mkononi atalibuni mwenyewe, na hapo ndipo nyumba hizi zinapoanza kuvuja.

Fanya hesabu ya maji. Paa hili lina karibu mita za mraba 181. Mvua kubwa ya masika ikipiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, hata kama ni kwa dakika 15 tu, paa linapokea lita 5 kila sekunde. Mvua ya milimita 50 kwa siku ni lita 9,000. Kwenye nyumba ya paa la kawaida maji hayo yakizidi gata yanamwagika nje, chini kwenye kokoto, hakuna anayelala macho. Kwenye paa la kuficha hayana pa kumwagikia isipokuwa ndani, juu ya dari ya jipsamu. Ramani hii imeweka tundu moja la bomba la inchi 3 kwa kila gata, mwishoni, na gata lenyewe limechorwa likiwa limelala bila mteremko wowote.

Marekebisho tunayoyataka ni haya. Kila gata liwe na matundu mawili, moja kila mwisho, ya inchi 4. Sababu si wingi wa maji peke yake. Dar es Salaam ina kunguru, na kunguru huangusha juu ya paa mifupa, nyaya na vipande vya nailoni; ongeza majani ya mwarobaini na mwembe. Tundu likiwa moja na likazibwa, gata zima limekuwa beseni. Upana wa gata uwe sentimita 45 kwa ndani, ili mtu aweze kuingia mguu na kufagia. Gata la sentimita 25 halisafishwi, linaachwa. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita, kuanzia katikati kwenda miisho yote miwili: mita 7.2 kila upande, kwa hiyo katikati pawe juu kuliko mwishoni kwa sentimita 7.2. Kina cha gata mwishoni kisipungue sentimita 25, la sivyo mteremko utakula kina chote pale katikati.

Gata la zege lililomwagwa pamoja na renta tunalipendelea kuliko la bati la kukunja. La bati huunganishwa kwa ribiti na silikoni. Silikoni huachia baada ya muda, na karibu na bahari chumvi huanza kulila kwenye mikunjo. La zege nalo halizuii maji kwa kuwa tu ni zege. Linahitaji kuvikwa utando wa kuzuia maji, na mpangilio wa kazi ni huu: kwanza lipu ya mteremko, kisha kona zote za ndani zijazwe mchanga na saruji ziwe na mviringo wa kama sentimita 5 (kona kali ndiko utando unakopasukia), kisha iachwe ikauke kabisa, ndipo upakwe utando: ama wa lami wa milimita 4 wa kuchomelea kwa moto, ama ule wa saruji yenye kunyumbulika, mipako miwili yenye wavu katikati. Utando upandishwe kwenye kuta za gata angalau sentimita 20 na mwisho wake uingizwe kwenye mfereji uliochanwa ukutani. Kuubandika tu juu ya lipu ni kuusubiri ubanduke.

Mahali penyewe panapovuja zaidi ni pembeni mwa mdomo wa bomba, duara lisilozidi sentimita 10. Bomba la plastiki halishikani na zege. Lipu ikinywea kidogo, ufa mwembamba kama unywele unazunguka bomba, na maji yanafuata ufa huo kushuka nje ya bomba, ndani ya ukuta, mpaka doa la kahawia litokee sebuleni mita 6 chini yake. Mwenye nyumba anapaka rangi, doa linarudi. Dawa ni kutumia mdomo wenye sahani pana, utando ushuke na kuingia ndani ya mdomo huo kama sentimita 5 hadi 10, halafu ubanwe na kichujio kutoka juu.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye ramani ni matundu ya dharura. Kila gata litobolewe parapeti sehemu mbili, sentimita 15 kwa 7.5, chini ya pale utando unapoishia kwa sentimita 5. Maji yakionekana yanaruka nje kupitia matundu hayo, mwenye nyumba anajua kwamba gata limeziba, na ndani bado kukavu. Wachoraji hawayapendi kwa sababu yanaonekana kwenye sura ya nyumba. Mbunifu mzuri huyafanya sehemu ya sura hiyo.

Bomba la kushusha maji limechorwa ndani ya nguzo ya zege ya milimita 230 kwa 230. Hapa hatukubaliani hata kidogo. Bomba la milimita 110 linachukua asilimia 18 ya zege ya nguzo hiyo, linazibana nondo na ringi, na likipasuka hakuna mtu atakayelifikia bila kuvunja nguzo inayobeba nyumba. Lipitishwe kwenye shimo la mabomba pembeni mwa ukuta, lenye kimlango cha kukagulia chini.

Mteremko wa nyuzi 5 unawezekana kwa bati la msauzi, kwa sharti kwamba kila bati litoke kofia, yaani kilele cha paa, mpaka gata bila kuungwa. Viwanda hukata kwa urefu unaoagiza, kwa hiyo agiza kipande kimoja cha karibu mita 6, kiingie gata kwa sentimita 5 hadi 7. Ukilaza bati fupi mbili kwa mteremko mdogo namna hiyo, upepo wa mvua unayarudisha maji juu kupitia kwenye kiungo. Sisi tungepandisha mteremko uwe nyuzi 8. Parapeti itahitaji kufika mita 1.2, ambayo ni tofali kama 160 za inchi 6 zaidi kwa mzunguko wa mita 54. Jumla ya ukuta wa kuficha paa inakuwa tofali karibu 650, na lipu mita za mraba 130 kwa pande zote mbili. Ni vizuri mwenye nyumba aione hesabu hiyo kabla ya kuchagua, kwa sababu ukuta huo hauna chumba ndani yake.

Sehemu ya juu ya parapeti iwe na kifuniko cha zege kilichoinama kuelekea ndani, chenye mfereji mdogo chini ya ukingo wa nje wa kudondoshea matone. Ramani imeuacha ukuta ukiwa bapa na kupakwa rangi, na matokeo yake ni ile michirizi myeusi kwenye ukuta mweupe baada ya masika ya kwanza. Parapeti ndefu pia hupasuka kwenye mstari wake na renta, maana jua huipiga pande zote. Nguzo ndogo kila mita 3, zenye nondo zilizotoka kwenye renta, huishika.

Haya si matatizo mapya. Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba nyingi za mawe zilijengwa na paa bapa la chokaa juu ya boriti, parapeti ikiwa imezunguka, na baadaye wenyewe wakazifunika kwa bati la mteremko. Lamu waliweka makuti juu ya paa bapa. Mvua ya pwani iliwafundisha, na vipaa hivyo vya juu bado vinaonekana ukitazama kutoka baharini.

Paa la kuficha lina hasara nyingine ambayo picha haionyeshi: halina upenu. Nyumba yenye upenu wa mita moja ina kivuli juu ya kila dirisha na ukuta mkavu. Hii haina. Kwa hiyo kila dirisha linahitaji kivuli chake, na kipimo chake kinategemea linatazama wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo, kwa hiyo slabu ya kivuli ya mita 1.2 juu ya dirisha la kaskazini inafunika kioo cha mita 2 kwenda chini. Mwezi Desemba jua linahamia kusini lakini liko juu sana, na sentimita 75 zinatosha kufunika dirisha la mita 2.4. Pande hizo mbili ni rahisi. Ramani imezipa sentimita 30, ambazo ni pambo tu.

Kinachotusumbua zaidi ni kioo kikubwa cha sebule, upana mita 4.8 na kimo mita 5.4. Mshale wa kaskazini kwenye ramani unaonyesha kinatazama magharibi. Saa 10 jioni jua liko kama nyuzi 35 tu juu ya upeo. Ili kukifunika kioo hicho kwa upenu ungehitaji slabu iliyochomoza zaidi ya mita 7, na hakuna anayejenga hivyo. Mita za mraba 26 za kioo zitakuwa tanuri kuanzia saa 9 hadi magharibi, na kwa kuwa sebule ina kimo cha ghorofa mbili, joto litapanda mpaka kwenye korido ya vyumba vya kulala. Kiyoyozi cha BTU 24,000, ambacho kingetosha sebule ya ukubwa huu yenye dari ya kawaida, hakitafua dafu.

Kuna njia tatu. Ya kwanza haina gharama ya ujenzi: muulize muuzaji kama anaweza kuizungusha ramani ili kioo kitazame kaskazini au kusini, kisha vyoo na stoo ndivyo vikae magharibi. Ikiwa kiwanja chako kina barabara upande wa magharibi na unataka sura hiyo barabarani, jenga ukuta wa matofali ya matundu sentimita 60 mbele ya kioo. Unavunja jua, unapitisha upepo, na sentimita 60 zinamtosha mtu kupita kusafisha kioo. Ya tatu ni mapezi ya wima ya aluminiamu, kina sentimita 20 na nafasi sentimita 20, yakiwa yameinamishwa kuelekea kusini au kaskazini. Rangi ya kubandika kioo, ile nyeusi, hatuihesabu kuwa njia: inapunguza mwanga kuliko inavyopunguza joto, na kioo chenyewe kinakuwa cha moto.

Juu kabisa ya sebule hiyo pawekwe madirisha ya kufunguka, hata ya kimo cha sentimita 40, ili hewa ya moto itoke. Ramani ina kioo kisichofunguka chote. Madirisha ya vyumbani nayo yote ni ya kuteleza, na dirisha la kuteleza la mita 2 linafunguka mita moja tu. Kaskazi na kusi zote zinaingia kutoka upande wa mashariki, moja kwa kaskazini-mashariki na nyingine kwa kusini-mashariki. Kwenye vyumba vya upande huo weka madirisha ya bawaba yanayofunguka yote, nyavu ziwe kwa ndani. Na nafasi iliyo kati ya bati na dari nayo ipumue: kwa vile hakuna upenu, toboa matundu yenye wavu kwenye ukuta chini ya bati, pande zinazotazamana.

Balkoni ya mbele imechomoza mita 1.8 bila nguzo, slabu sentimita 15. Michoro ya mhandisi haimo kwenye kifurushi, na hapa ndipo tungemzuia mtu yeyote asianze. Kwa uchomozi huo sentimita 15 ni nyembamba. Karibu na ukuta tungetarajia 20, na nondo zake zirudi ndani ya slabu ya chumba kwa angalau mara moja na nusu ya uchomozi. Nondo kuu za slabu inayochomoza hukaa juu, siyo chini kama kwenye slabu ya kawaida. Kosa linalorudiwa site ni kwamba nondo hufungwa vizuri, halafu vijana wanaobeba zege wanazikanyaga mpaka zinalala chini, na zege inamwagwa hivyo hivyo. Nondo iliyolala chini ya balkoni haibebi kitu. Vigoda vya chuma vya kuzishikilia nondo juu viwe kila sentimita 80, na pawe na ubao wa kupitia. Mirunda ya balkoni isitolewe kabla ya siku 28, na uanze kutoa kwenye ncha ya nje ukirudi ukutani. Hata nyumba mashuhuri ya Fallingwater huko Pennsylvania, iliyobuniwa na Frank Lloyd Wright miaka ya 1930, baraza zake zilizochomoza juu ya maporomoko zilishuka karibu sentimita 18, na mwaka 2002 zikafungwa nyaya za chuma zilizovutwa ili zisiendelee.

Sakafu ya balkoni imechorwa sawa na ya chumba. Ishushwe sentimita 5 baada ya marumaru, na iteremke kwenda nje, la sivyo mvua ya upepo italowanisha kitanda.

Ngazi zina vipando 18 vya milimita 183 kwa kimo cha mita 3.3. Zinapandika, lakini ni kali kwa mtoto na kwa mwenye magoti mabovu. Vipando 20 vya milimita 165, kina milimita 280, vinahitaji karibu nusu mita zaidi kila upande, na stoo iliyo nyuma ya ngazi inaweza kuitoa bila mtu kuikosa. Vipando vya kuelea vinapendeza. Nafasi kati yake isizidi sentimita 10.

Jiko la wazi linatazama sebule. Kwa chai na kuandaa matunda ni sawa. Kukaanga samaki, kupika pilau ya watu 20 na kukuna nazi kunahitaji jiko la pili, na ramani haina. Upande wa nyuma kuna kibaraza cha mita 3 kwa 1.5; kikiongezwa upana mpaka mita 2.4 kinakuwa jiko la nje lenye sinki, meza ya zege, na mahali pa mtungi wa gesi palipo nje ya ukuta. Chumba cha dada wa kazi kina mita 2.4 kwa 2.1 na hakina dirisha. Nyumba ya namna hii haikosi nafasi ya dirisha moja. Tunalitaka.

Kwa wateja Waislamu, angalia vyoo. Kutoka Dar es Salaam kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, na masinki mawili ya vyoo kwenye ramani yamekaa kaskazini-kusini. Yageuzwe mashariki-magharibi kabla ya kumwaga slabu, maana baada ya hapo bomba la inchi 4 ndilo litakaloamua.

Matangi mawili ya lita 2,500 yamewekwa juu ya korido. Yakijaa ni tani 5, na chini yake ramani haionyeshi bimu yoyote. Pia sakafu ya tangi iko mita 2 tu juu ya shawa ya chumba kikuu cha kulala. Hiyo ni presha ndogo sana kwa bafu la kisasa, kwa hiyo tenga nafasi na umeme wa pampu ya kuongeza presha mapema.

Kabla ya kulipa, dai vitu vinne kwa maandishi: mchoro wa gata na parapeti kwa kipimo cha 1 kwa 10, ramani ya paa yenye mishale ya mteremko na ukubwa wa mabomba, michoro ya mhandisi aliyesajiliwa yenye jedwali la nondo, na faili linaloharirika ili mbunifu wako aweze kuigeuza. Muhuri wa mbunifu majengo aliyesajiliwa utauhitaji kwa ajili ya kibali cha ujenzi. Muuzaji akikupa vinne hivyo, ramani hii inafaa kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30. Asipokupa mchoro wa gata, mlipe mbunifu mwingine auchore, na kabla jipsamu haijapandishwa ziba matundu yote ya paa, matundu ya dharura pia, jaza magata maji, yaache saa 48, kisha ingia ndani na tochi ukague chini ya kila mdomo wa bomba.